Kipande cha Kukaribisha

Darasa la tatu, kwenye somo la Maarifa ya Jamii, mwalimu aliugawa ujirani vipande vinne, kila mtoto na chake. Stamili alipewa kukaribisha, Mkunde akapewa kwenda kwa watu na kupiga hodi, wenzao wawili wakachukua kuomba na kuaga. Sheria ilikuwa moja: kipande kisicho chako hukigusi maisha yako yote, ili watu wazidi kuhitajiana. Wakubwa walilipenda sana wazo hilo, wakalieneza shule zote.

Sasa Stamili ana miaka sabini na moja. Mkunde, wa mwisho kati ya wenzake watatu, walimzika mwezi uliopita.

Akapiga simu ofisi ya elimu. "Mwanangu, nipatieni mtu wa hodi."

"Bibi, watu wa hodi wamebaki wachache mno, na foleni ni ndefu. Kwani huna jirani?"

"Ninaye, Bi Mwanahawa, mlango wa pili. Naye ni wa kukaribisha kama mimi."

"Basi vumilia, bibi."

Ijumaa alasiri Stamili alichemsha chai ya tangawizi, akapanga vikombe viwili, akafungua mlango na kusimama kizingitini. Mlango wa pili nao ukafunguliwa. Bi Mwanahawa alikuwa amevaa kanga mpya, na nyuma yake ilinukia iliki.

"Karibu," akasema Stamili.

"Karibu wewe," akajibu Bi Mwanahawa.

Wakatabasamu. Kati yao palikuwa na hatua sita. Kila mmoja akabaki mlangoni kwake, akimsubiri mwenzake aje.