Mshumaa wa Elsy

Rune aliinama, akawasha mshumaa, akainuka, akasukuma toroli lake hadi kaburi linalofuata. Nyuma ya ukuta wa kanisa, mpelelezi Birger Hallin hakumwondolea jicho. Miguu ilikuwa imeshakufa ganzi kwenye theluji, lakini hakusogea. Mwaka wa tatu huu anamngoja mtu huyu ajisaliti.

Alasiri ilikuwa haijaisha na giza lilikwisha kuingia. Makaburi yote ya Granliden yalikuwa yakiwaka. Siku ya Watakatifu Wote hapana maiti anayeachwa gizani. Mwenye watu huwashiwa na watu wake. Asiye na mtu huwashiwa na kanisa, kwa mkono wa Rune, maana ndiye mtunza makaburi: kuchimba yeye, kufukia yeye, kuzoa theluji yeye.

Mke wake, Majken, alitoweka mwezi wa Februari, mwaka juzi. Rune alisema amekimbilia Norwei kwa bwana mwingine. Lakini koti lake la baridi lilibaki msumarini. Nani hukimbia Februari bila koti?

Polisi walivunja sakafu ya nyumba, wakafukua uani, wakapasua barafu ziwani. Hawakupata hata kifungo. Na bila mwili, kesi ilikuwa hewa tupu.

Msituni hakuweza kumzika. Ardhi ilikuwa imeganda kama chuma. Hilo Birger alilijua vizuri, kwa kuwa Majken alipotea usiku wa kuamkia mazishi ya mama yake Birger mwenyewe, na kaburi lilibidi liwashiwe makaa siku nzima ndipo likachimbika. Siku ya kwanza ya msako Birger hakuwapo, alikuwa akizika. Pale kaburini Rune alimpa mkono, kofia kifuani. “Nimekwenda chini kuliko kawaida, afande,” alimwambia. “Baridi haitamfikia mama.” Ndilo neno pekee la utu alilowahi Birger kulisikia kwake.

Basi akabaki na imani moja. Aliyeua anajua alikoweka, na siku kama hii mkono hautulii. Ipo siku Rune atawasha mshumaa mahali pasipo na kaburi: kando ya ziwa, au nyuma ya banda lake. Mishumaa hii mingine ya toroli ilikuwa kazi ya mshahara tu, hakufuatilia ni ya makaburi yapi.

“Afande!” Rune aliita kutoka njiani. “Hata leo? Ukuta huo si uuoe tu!”

“Fanya kazi yako, Rune.”

“Njoo unywe kahawa, miguu itakukatika.”

“Kahawa yako sinywi.”

“Haya. Basi njoo unichimbie tena uani. Safari ile mlinifaa sana, viazi vilistawi mpaka majirani wakaona wivu.”

Akacheka, akasukuma toroli lake.

Getini aliingia bibi kizee na fimbo yake. Alikuwa Elsy, mama yake Majken. Mkononi alishika mshumaa uleule wa kila mwaka, utambi wake bado mweupe.

“Haya mwanangu,” alimwambia Birger. “Mwaka huu niuweke wapi?”

Birger alitazama chini. “Pale kwenye jiwe la wasio na kaburi, mama. Wenzako huweka pale.”

“Pale ni pa waliozama baharini. Wangu hakuzama. Wangu kafichwa.” Akavuta pumzi, kifua kikalia. “Daktari kaniambia majani mapya sitayaona. Nikifika huko ataniuliza, mama, mbona mimi tu uliniacha gizani? Nimjibu nini?”

Birger alimpangusa theluji begani. Krismasi ikifika, naye anastaafu.

Rune alifunga stoo, akashika barabara ya kwake. Birger alimfuata kwa macho. Rune akapita ziwa bila kugeuza shingo, akafika nyumbani, akawasha taa ya jikoni. Kwisha. Mwaka mwingine umepita bure.

Ndipo Birger akaenda kwa mama yake. Kila mwaka kaburi hilo aliliacha la mwisho. Alikuwa akifika amechoka, anakuta mishumaa inawaka, anaongeza wake, anaondoka. Mwaka huu alimkuta dada yake, Solveig, bado amepiga magoti.

“Asante kaka, kila mwaka unanitangulia,” Solveig alisema. “Ila ndiyo nini kuuweka miguuni? Mama angesema una haraka za kipolisi.”

“Kuweka nini?”

“Mshumaa wako, huo hapo.”

Birger aliutoa wake mfukoni. Ulikuwa haujawashwa.

Walitazamana. Kichwani penye jiwe uliwaka mshumaa wa Solveig. Miguuni uliwaka mwingine, umedidimizwa ndani ya theluji kama wa mtu asiyetaka uonekane kwa mbali.

“Sasa ni wa nani?” Solveig aliuliza. “Mama hakuwa na mtu ila sisi.”

Birger alichuchumaa, akamulika tochi. Mstari mwembamba wa gurudumu moja ulitoka njiani, ukaja hadi miguuni pa kaburi, ukageuka, ukarudi njiani.

Chini kuliko kawaida, Rune alikuwa amesema.

Birger akainuka. Elsy alikuwa bado amesimama karibu na geti, ameukumbatia mshumaa wake. Birger alimpungia tochi.

“Mama,” aliita, “lete mshumaa wako. Ni hapa.”