Gari Lisilo na Namba

Probox nyeupe ilitokeza tena kwenye kioo cha kompyuta, ikaikata kona ya Ramisi katikati ya miwa, buti ikipigapiga. Haikuwa na namba ya mashindano ubavuni. Dereva wake hakuvaa kofia ya chuma wala mkanda, lakini kona ile aliipita vizuri kuliko mabingwa.

"Hiyo ndiyo nasema itoke," akasema Duncan.

"Haitoki," akasema Kache.

Mpaka asubuhi hiyo walikuwa wamejuana kwa simu tu. Duncan, mtu wa bara aliyepandia cheo kwenye hoteli za Diani, alikuwa msemaji wa waandaaji wa mashindano ya magari. Kache alikuwa na studio yake ndogo Ukunda, juu ya duka la vipuri, na ndiye aliyepewa kazi ya kutengeneza filamu fupi ya mambo makubwa ya wikendi nzima. Ilitakiwa ioneshwe jioni hiyo hiyo, mbele ya wadhamini.

Kila kitu kilikuwa tayari: vumbi, magari yakiruka matuta, washindi wakimwagiana shampeni. Kilichowagombanisha ni ile Probox, ambayo Kache alikuwa ameiweka mwishoni kabisa, baada ya bingwa.

"Jumamosi barabara ilikuwa imefungwa," Duncan akasema. "Wasimamizi wameweka utepe. Huyo mlevi anaukata, anaingia katikati ya race! Sponsor akiona hiyo, mwaka ujao hatuna kitu. Sisi tushasema ni mlevi, gari iko kituoni, leseni inaenda. Hiyo story imeisha, Kache."

"Mramba hanywi."

"Kwani unamjua?"

"Ni jirani yetu. Hubeba abiria kutoka Ramisi hadi Msambweni, na sijasikia amegonga hata kuku. Picha hii ikiondolewa, litabaki neno lenu peke yake. Na punguza sauti, tafadhali."

Duncan akageuka kutazama kama kuna mtu mwingine chumbani. Hakumwona yeyote. Akaona ni kiburi tu, na kusema kweli kiburi kilikuwapo, tena cha kutosha.

Kache alijisogeza taratibu juu ya mto aliokalia, akakunja uso, kisha akajimiminia uji kutoka kwenye chupa. Harufu ya pilipili manga ikampanda Duncan puani, akapiga chafya.

"Unaumwa? Kama ni homa, mwachie Austine amalizie. Si ndiye alishika camera Jumamosi? Wewe hata hukutokea. Nilikupigia mpaka nikachoka."

"Simu ilikuwa na kazi nyingine."

Simu yenyewe ikaanza kutetemeka mezani. Alikuwa mama yake, Kadzo, na sauti yake ilisikika mpaka mlangoni. "Kache, mwanangu, rudi nyumbani! Mtu wa hali yako hatoki nje. Watu watasema nini?"

"Waache waseme, mama. Nikishamaliza nitarudi."

Akaifunika simu. Mguu wake ulikuwa ukichezacheza chini ya meza, na Duncan akaudhania ni woga. Kache hakuwa na woga wowote. Alikuwa na hasira iliyomjaa mpaka kooni. Kila mwaka waliifunga barabara ile kutwa nzima, na kila mwaka watu wa upande ule waliambiwa wasubiri magari yapite, kana kwamba shida zao nazo hufuata ratiba ya mashindano.

"Sikiza," Duncan akasema. "Naweza kuipeleka hii kazi Mombasa saa hii. Na yetu nyingine hutaiona tena."

"Ipeleke. Nami nitafunga shuka nyeupe ukutani pale Kombani, siku ya soko, niwaoneshe watu ya kwangu. Hao nao ni watazamaji."

Duncan akamkodolea macho. Hakuzoea kujibiwa hivyo na mtu aliyeajiriwa naye.

"Haya, niambie," akasema hatimaye. "Huyo Mramba wako alikuwa anakimbilia nini?"

Kache akampa hedifoni. "Ipo sauti ya ndani ya gari. Simu ilianguka chini ya kiti ikaendelea kurekodi. Ndiyo inayofunga filamu. Isikilize mpaka mwisho, halafu uniambie tena niitoe."

Kioo kikawa cheusi. Duncan akasikia changarawe zikiupiga uvungu wa gari na injini ikilalamika. Akasikia filimbi za wasimamizi zikiachwa nyuma. "Shikilia hapo, mwanangu, shikilia!" Mramba alikuwa akipiga kelele. "Kona hii moja, kisha tunakamata lami!" Mwanamke akapiga ukelele mrefu. Kisha injini ikanyamaza, Mramba akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na juu ya sauti yake kikapanda kilio kipya, chembamba, chenye hasira zake.

Duncan akazivua hedifoni polepole, akaziweka mezani.

Kilio hakikukoma.

Kache akainama chini ya meza, akalivuta kapu la ukindu, na kuanza kufungua vifungo vya gauni lake.