Uzee wa Safari

Siku hizo ndege kutoka Istanbul hadi Bukoba ilikuwa ikitua kabla chai haijapoa. Umbali haukupungua, ila uchovu wa safari uligeuka uzee, nao ulibebwa na ndugu wa damu aliyebaki nyumbani badala ya msafiri, mradi mkuu wa familia aidhinishe.

Rwegasira, aliyefanya kazi Istanbul, alibebewa uzee huo na mama yake, mkuu wa familia. Alikuja kila wiki, akala ndizi, akasifu upishi, akaondoka. Kila alipoondoka, dada yake Kokubanza alimkuta mama ameinama zaidi.

"Mkatalie, mama," alimsihi.

"Nikimkatalia, nitamwona wapi tena?"

Mama alikata roho ndege ya mwanawe ikiwa angani. Rwegasira alilia kwa uchungu mazishini. Walipobaki wawili, Kokubanza alimwambia, "Sasa urudi kwa meli na mabasi. Mimi sikubebei."

Rwegasira aliinamisha kichwa. "Dada, nisamehe. Mama alishaidhinisha jina lako. Aliogopa kwamba akifa, nitakwama."

"Hakuniuliza!"

"Alijua ungekataa."

Kokubanza alikwenda ofisi ya uwanja wa ndege kuomba jina lake lifutwe. Akajibiwa kwamba aliyeidhinisha ni marehemu, na ni yeye tu angeweza kulifuta.

Rwegasira aliendelea kuja kila wiki, akileta maua ya kaburini. Masika yalipoanza, Kokubanza alikuwa ameketi kizingitini akipumzisha magoti, pale mwanamke aliyesoma naye darasa moja alipopita njiani. Mwanamke yule alipunguza mwendo, akapiga goti kwa adabu.

"Shikamoo, bibi."

Kokubanza akaitikia, "Marahaba."