Mkate wa Mama Saumu

Siku hizo jiko ndilo lililopika katika kila nyumba. Binadamu aliruhusiwa kushika mwiko pale tu alipokuwa na pishi ambalo majiko hayalijui.

Mama Saumu alikuwa nalo. Alichovya vipande vya mkate wa jana kwenye mayai na maziwa, akatia iliki na, kama alivyofanya marehemu mama yake, pilipili manga kidogo, kisha akavikaanga kwa samli. Mumewe alionja, akafumba macho.

"Mama Saumu, leo umeniua!"

"Kula, bado hujazikwa."

Asubuhi iliyofuata mtaa mzima ulinukia iliki na samli kutoka kila jiko. Mama Saumu alitembea kifua mbele, akiitikia pongezi kila mlango. Aliporudi nyumbani akashika mwiko.

"Pumzika, mama," jiko likamwambia kwa upole. "Hili sasa ninalijua."