Salamu za Asubuhi

"Habari za asubuhi, Tabu?" Jirani alisimama njiani, jembe begani.

"Nzuri." Huku Kolo salamu ya asubuhi hujibiwa nzuri kwanza, msiba husubiri salamu ziishe.

"Watoto wameamkaje?"

"Salama."

"Na mzee?"

Tabu aliliangalia birika mkononi mwake. Maji ya mumewe ya kutawadhia bado yalikuwa na uvuguvugu. Aliyachemsha alfajiri, akaingia kumwamsha, akamgusa bega, akalikuta baridi kama ukuta. Akatoka na birika lake vilevile.

Sasa ndipo pa kusema.

"Naye salama," akasema.

"Haya. Mwambie jioni nitapita nimwamkie." Jirani akashika njia ya shamba.

Tabu akalirudisha birika motoni, maji yasije yakapoa.