Nguzo ya Buger

Nguzo ya Buger ilikataa kushuka. Selina alibadilisha mwaka, akabadilisha zao, akaifunga programu na kuifungua upya. Chati ya mavuno ikajichora tena, na Buger ikasimama juu kuliko kata nyingine zote za Karatu.

Haikuwezekana. Buger ni kwao. Mahindi yalikauka yakiwa usawa wa goti, na mama yake alikuwa akishindia uji mwepesi.

"Umejumlisha mara mbili," alisema Obed, mwenzake pale kwenye shirika.

Selina alimwomba Mungu iwe hivyo. Mchana kamati ingekaa mbele ya skrini, na kata zenye nguzo fupi ndizo zingepelekewa chakula cha msaada. Kila kaya ilituma mavuno yake kwa simu. Sababu hawakuambiwa, wasije wakapunguza magunia.

Aliichambua mistari ya programu yake, aliyoiandika kwa lugha ya R, mmoja mmoja. Akabofya kata ya Ganako: sawa. Akabofya Buger, nguzo ikafunguka kaya kwa kaya. Iliyoongoza kwa mavuno ilikuwa kaya ya mama yake. Hapo akawa na hakika programu imeharibika, na hasira za kujichukia zikampanda.

Ujumbe wa mama yake ukaingia kwenye simu: "Tunaiombea kazi yako, mwanangu. Kanisa zima." Machozi yakamlengalenga.

Kamati iliingia kabla hajaliona kosa. Mwenyekiti, mzee Modest, aliitazama chati akatabasamu.

"Buger mwaka huu Mungu kawaona!"

"Mzee, naomba siku moja tu. Programu yangu ina kosa."

"Programu hiyo hiyo uliyotusifia wiki nzima? Malori yanapakia leo, binti."

Wakapitisha kata nyingine zipelekewe chakula, wakaenda kunywa chai.

Selina alitoka nje akampigia mama yake. Alitaka kuomba radhi.

"Mama, nimewaangusha. Nguzo ya Buger imetoka ndefu kuliko zote."

Mama alipiga kigelegele, hafifu, kikamkatikia njiani kwa kukosa pumzi.

"Si ndivyo tulivyopatana baada ya ibada! Kila nyumba iongeze magunia. Tulisema, mchoraji ni mtoto wetu, nguzo ya kwao isije ikawa fupi akaaibika mbele ya wakubwa wake. Haya niambie, wameipenda?"