Posa ya Mwaka wa Nane

Miaka minane Sikudhani aliishi na Kibwana bila posa. Watoto wawili, chumba kimoja, mwanamume hanywi wala hapigi. Mtu ataka nini tena? Lakini Zawena, binti yao mkubwa, alikuwa ameanza kuuliza kwa nini haendi kwa babu. Babu, baba yake Sikudhani, yuko mtaa wa pili tu. Aliapa kwamba mpaka aletewe barua ya posa, hakuna mguu wao utakaokanyaga kwake.

Basi asubuhi ile Kibwana akachana karatasi ya daftari, akakaa mkekani, akaandika kama barua za posa zinavyoandikwa: "Mzee wetu, tumeona ua bustanini kwako, tunaomba kulichuma."

Sikudhani, akimnyonyesha mdogo, alicheka mpaka mtoto akaachia ziwa. "Ua, baba Zawena? Na haya matunda mawili tuyafiche wapi?"

"Niandike nini, mama?"

"Andika kweli. Uliingia bila hodi, unaomba radhi."

Kibwana akaandika upya. Kisha akasita. "Na akikataa?"

Hapo Sikudhani hakucheka. Enyi mabinti, ukuta mnaouruka leo mtarudi kuuzunguka na mtoto mgongoni.

Shangazi yake Kibwana, ndiye mshenga, akaifunga barua katika leso, akamshika Zawena mkono. Sikudhani na Kibwana walisimama mlangoni wakiwatazama. Kule pembeni mwa barabara mtoto alikuwa akirukaruka na kuuliza jambo, na shangazi ameinama amsikie.